Mgonjwa wa Mtihani

Jumatatu, 3 Machi

Leo binti yangu ameniangalia mdomo. Si uso — mdomo! Nilikuwa nacheka, maana Mzee, baba yake, alitafuta meno yake ya bandia asubuhi nzima, chini ya kitanda, ndani ya viatu, kumbe ameyavaa. Nikacheka mpaka machozi. Mara namwona binti amekaza macho hapa chini ya pua yangu kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Nikafunga mdomo. Kicheko kikaishia njiani.

Anajua kitu? Atajuaje?

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo, wateja hawafiki huku. Mbele ni viuno na mabega ya watu, nyuma ni mambo yangu. Mzee halifungui, anasema viuno vya wake za watu si halali yake. Vizuri, abaki na msimamo huo huo.

Basi niseme mara moja yaishe. Nikipiga mswaki natema damu. Si nyingi. Si kidogo pia. Ilianza wakati nashona sare za shule za muhula uliopita, nikadhani ni uchovu. Ni haya meno ya mbele ya chini. Na moja linacheza. Kidogo tu! Nikilisukuma kwa ulimi linaitika, kama kifungo kilichoshonwa na mtu mwenye haraka.

Dawa nimeshaipata mwenyewe. Pale panapotoka damu sipapigi mswaki. Kidonda hakisuguliwi, hata mtoto anajua. Nasugua pembeni huku na huku, mbele napaacha papumzike. Halafu karafuu moja shavuni, kwa ajili ya harufu.

Na daktari wa meno ninaye ndani ya nyumba! Binti yangu huyu huyu. Mwaka wa mwisho, amebakiza mtihani mmoja wa vitendo aitwe Daktari mbele ya kila mtu. Mtaa mzima unajua, nimehakikisha. Sasa mama yake daktari wa meno awe na fizi mbovu? Nani amewahi kuona fundi cherehani anatembea na nguo iliyofumuka?

Tena nimeshajisifu mno. Hapo ndipo penye shughuli. "Mimi tangu nizaliwe sijakanyaga kwa daktari wa meno, na ninayo yote thelathini na mawili!" Maneno haya nimeyasema harusini, nimeyasema kwenye foleni ya maji, nimemwambia hata yule mkaguzi wa leseni za biashara ambaye hakuuliza. Na Mzee nimemsimanga kwa bandia zake mwaka wa kumi na moja sasa. Kila siku anajibu lile lile, "Angalau yangu yananitii. Nikiyaambia tokeni, yanatoka."

Siwezi kurudi nyuma.


Jumanne, 4 Machi

Kuna jambo linaendelea humu ndani. Asubuhi nimekuta kikombe cha maji ya chumvi kwenye sinki. Cha nani? Mzee anasema chake, anasukutulia. Tangu lini? Anasema tangu jana. Kwa nini jana? Anasema, "Kwani mpaka niombe kibali?"

Halafu mswaki. Pembeni ya wangu umewekwa mpya, laini kama nywele za mtoto mchanga. Binti anasema kliniki waliwagawia wanafunzi, ameleta kwa wote. Wote! Baba yake meno yanalala kikombeni, wa kupigiwa mswaki ni nani? Mzee akadakia kwamba hata ya kikombeni yanapigwa mswaki, nisidharau wageni.

Wamecheka wote wawili. Mimi nimetabasamu, midomo imefungwa.

Mswaki wangu ni ule mgumu, unaosikika mpaka sebuleni. Huu laini utasafisha nini? Labda umewekwa ili uonekane ukitiwa rangi. Nyeupe yote, nywele nyeupe. Tone moja tu litaonekana! Nimeurudisha kwenye pakiti yake.

Wangu nausuuza mara tatu, naukausha kwa kanga, naupeleka chumbani.


Alhamisi, 6 Machi

Leo ni Kipaza Sauti. Huyu ndiye mwenye duka la nyuzi na vifungo lililopakana na kibanda changu cha kushonea, na jina hilo amelifanyia kazi. Ukimnong'oneza saa mbili, saa nne wamejua mpaka wauza kuku.

Alikuwa amekuja kupima gauni. Nimepiga magoti namwekea pini kwenye pindo, pini nyingine nimebana mdomoni kama kawaida yangu. Akaniuliza habari za Daktari. Nikatoa pini. Nikamweleza! Kwamba wenzake darasani wanamwita Mkono Mwepesi, kwamba aling'oa jino la mtu mzima na mtu mzima akauliza utaanza saa ngapi. Nikaeleza hadi yeye mwenyewe akachoka.

Akasema ni kweli, nimezaa. Halafu, hivi hivi, akasema mbona siku hizi nacheka nimefunika mdomo kama bi harusi.

Nikamwambia vumbi la vitambaa.

Akasema, na mbona nanukia karafuu, nimekuwa sanduku la nguo?

Nimemchoma na pini. Si kwa makusudi. Au tuseme si kwa makusudi sana.

Sasa najiuliza — yeye na binti yangu wamezungumza? Juzi nimewaona wamesimama dukani kwake, binti ananunua uzi mweupe. Uzi mweupe! Wakati mimi ninazo roli sita. Alikuwa anaulizia nini?


Jumapili, 9 Machi

Mambo mazito leo.

Binti amerudi kutoka kujisomea, hakula. Amekaa anazungusha kijiko. Nikamuuliza mara tatu, ya nne akafunguka. Mgonjwa wake amekimbia.

Sikujua kama wanafunzi wanatafuta wagonjwa wao wenyewe. Mimi nilidhani wanapewa, kama vitabu. Kumbe kwa mtihani huu wa fizi kila mmoja analeta mtu wake. Ampime mbele ya mwalimu, amsafishe, amfundishe kujitunza, amrudishe tena na tena kwa wiki mbili hadi ionekane fizi zinapona. Yeye alikuwa amempata seremala mmoja. Fizi zimevimba, zinatoka damu, kila kitu sawasawa kwa mtihani. Seremala akaja mara ya kwanza, akaona damu kwenye beseni, akaomba kwenda msalani. Hadi leo. Simu ameizima.

Majina yanafungwa Ijumaa hii, saa sita mchana. Asiye na mgonjwa anangoja mwaka mzima. Mwaka!

Akainua macho akatuangalia pale mezani. Baba yake kwanza. Mzee akatoa bandia zake akaziweka kwenye kisosi, akasema, "Ningekusaidia, mwanangu, lakini fizi zangu hazina wapangaji."

Hata yeye binti alicheka kidogo.

Halafu akaniangalia mimi. Akasema, mama, wewe hujawahi kupimwa hata siku moja, nikuangalie tu?

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema niangaliwe nini, haya meno yangu ni chuma cha reli, hayo maradhi kawatafutie wanaokula hovyo.

Akasema, "Sawa, mama."

Upesi mno. Mtu hasemi sawa upesi hivyo kama hana lake jambo.

Sasa hebu nifikiri. Kikombe cha chumvi. Mswaki laini. Uzi mweupe. Na ghafla kuna seremala anayeugua kile kile ninachougua mimi, hapo hapo, vile vile! Nani amemwona huyo seremala? Hakuna seremala. Ni mtego. Wamekaa, baba na binti, wakanitungia seremala ili nifungue kinywa mwenyewe.

Mimi nimemfundisha mtoto huyu kuvua samaki kwa sindano ya kushonea iliyopindwa. Najua chambo nikikiona.

Kesho naenda huko kliniki kwa miguu yangu.


Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Nimerudi. Sijui nianzie wapi.

Kisingizio kilikuwa kifungo. Koti jeupe la binti nimelishona mimi, mshono wa ndani umefunikwa, huwezi kuupata dukani. La pili alikuwa ameniachia, limekatika kifungo. Nikalikunja, nikalibeba, nikavaa gauni langu la bluu ili wajue ni mama wa nani.

Mlinzi wa mlangoni ni mtu wa maneno. Nikamzunguka kwa maswali taratibu. Eti hapa kuna seremala mmoja anatibiwa? Akapiga paja. "Yule! Mama, yule alitoka hapa na kitambaa kifuani bado, mbio kama aliyeibiwa ubao! Nimemwita, hakugeuka."

Basi seremala yupo.

Ndani kuna karatasi kubwa ukutani. Majina ya wanafunzi upande huu, ya wagonjwa upande ule. Nasoma polepole lakini nasoma. Jina la mwanangu ni la saba. Mbele yake mtu amepiga mstari juu ya jina la mgonjwa, mstari wa kalamu nyekundu. Wenzake wote wamejaza. Lake tu lina pengo.

Halafu nikamwona. Ukumbi mrefu, mabenchi pande zote, watu wameshika mashavu. Mwanangu anakwenda benchi kwa benchi, anainama mbele ya kila mmoja kama mwombaji. Samahani shangazi, fizi zako zinatoka damu ukipiga mswaki? Samahani kaka, kuna jino linalocheza? Wengine wanatikisa kichwa. Wengine hata hawamwangalii. Mtoto niliyemlea akijua kuinua kichwa!

Nilisimama nyuma ya nguzo.

Akamfikia baba mmoja mnene mwenye kofia. Yule baba alikuwa na maumivu nadhani, alikuwa na hasira. Akamwambia kwa sauti, watu wote wakasikia, "Wewe binti, hebu nenda kamchungulie mama yako mdomoni!"

Watu wakacheka. 

Na mwanangu — hakukasirika. Alisimama wima. Akasema, "Mama yangu meno yake yote mazima, baba. Thelathini na mawili. Hajawahi kuumwa hata siku moja." Akasema hivyo kwa majivuno. Kwa sauti yangu. Kama ningefumba macho ningesema ni mimi ninayesema.

Sikumpa koti. Nimerudi nalo.


Jumanne, 11 Machi

Sijamwambia.

Asubuhi nilifunga mlango nikajitazama kwenye kioo kidogo cha Mzee cha kunyolea. Nikavuta mdomo wa chini. Sijawahi kutazama hivi, nilikuwa napapasa tu kwa ulimi. Fizi nyekundu, zinang'aa, zimevimba kama pindo lililowekewa kitambaa mara mbili. Na nyuma ya meno kuna kitu cha njano, kigumu, nimekikwangua kwa kucha hakitoki.

Nimekaa na pindo la sare siku nzima. Nimeshona kinyume, nimefumua, nimeshona tena kinyume.

Nikimwambia, itakuwaje? Mwalimu wake ataniona. Darasa zima litaniona. Watasema, daktari gani huyu asiyeona mdomo wa mama yake? Watamcheka yeye, si mimi. Na wataling'oa jino langu, nina hakika. Madaktari ni kama mafundi, ukimpa nguo lazima akate mahali. Na Kipaza Sauti atalala na njaa siku hiyo kwa kushiba habari.

Nisipomwambia — mwaka mzima. Kwa ajili ya maneno yangu ya kwenye foleni ya maji.

Tena kuna wazo jingine limenijia, baya. Je, kama jana aliniona? Kama aliona gauni la bluu nyuma ya nguzo, akasema yale maneno makusudi, kwa sauti ile, ili yanichome? Ana akili mtoto huyo. Akili zangu.

Nimemtazama wakati wa chakula. Alikuwa anaandika majina kwenye karatasi, majirani anaoweza kuwauliza, anakata mmoja mmoja. Langu halikuwemo hata kwenye orodha.

Hakuniona. Ananiamini. Ningependa zaidi angekuwa ameniona.


Jumatano, 12 Machi

Nimefungua mdomo.

Alikuwa anapiga pasi. Nilikuwa nashona kile kifungo cha koti. Nikamaliza, nikauma uzi kuukata kama ninavyofanya kila siku, na lile jino likalegea kiasi kwamba nilifikiri nimelimeza. Nikalishika na ulimi. Lipo. Yeye anaendelea na pasi yake, ananieleza mambo ya mdogo wake Mzee ambaye amekataa pia, eti anaogopa sindano.

Nikasema, mwanangu, zima pasi. Njoo hapa dirishani penye mwanga.

Akaja. Nikavuta mdomo wa chini kwa vidole viwili. Sikusema kitu. Ningesemaje, mdomo umevutwa.

Alikwenda akanawa mikono, akarudi na kile kioo chake kidogo chenye mkia. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Nikaona macho yake tu, na yalikuwa macho ya mtu mwingine, ya mtu wa kazi. Nilijivunia na kuogopa kwa pamoja.

Akasema, "Unakata uzi kwa meno."

Nikatoa vidole. Nani kakwambia? Kipaza Sauti?

"Jino lenyewe limesema, mama. Lina pengo dogo hapo juu, mlemle unapopita uzi. Na pini unabana upande wa kushoto."

Sijawahi kumwambia mtu habari za pini. Wateja wananiona, lakini upande! Basi mdomo ni mmbeya kuliko jirani.

Akauliza tangu lini damu. Nikamwambia. Napiga mswaki vipi? Nikamweleza dawa yangu, kwamba hapa mbele napaacha papumzike. Nilidhani atanisifu. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Akasema pale ndipo nilipojimaliza. Damu inatoka kwa sababu hapasafishwi. Ukoga unakaa, unakuwa jiwe, fizi inavimba na kulikimbia jino, mimi nikiona damu nazidi kupaacha, ukoga unazidi kukaa. Akasema ni kama mtu aache kufagia kona kwa sababu kona ina uchafu. Panapotoka damu ndipo panapotaka mswaki, ila mswaki laini, mkono mwepesi, taratibu pale fizi inapokutana na jino. Na kusafishwa na mtu wa kazi, si kwa kucha.

Nilikasirika kidogo. Tangu muhula uliopita nimejitibu kwa bidii!

Halafu akakaa chini sakafuni, kwenye vipande vya kitambaa. Akasema, "Miaka mitano nasomea midomo ya watu. Ya kwetu sijaifungua."

Nikamuuliza basi siku ile alikuwa ananiangalia nini nilipocheka. Akasema alikuwa anahesabu. Alikuwa amewaambia wenzake mama yake ana yote thelathini na mawili, mmoja akabisha, akataka kuhakikisha. Na ule uzi mweupe? Wa kufanyia mazoezi ya kushona fizi, kwenye kipande cha sponji. Kikombe cha chumvi hakijui. Hicho ni cha baba yake kweli.

Nikamwambia, basi usihangaike, mgonjwa amepatikana.

Akatikisa kichwa. Kwamba hataki kunitumia. Kwamba nitalazwa kwenye kiti mbele ya wanafunzi sita na mwalimu, na kila kitu kitatajwa kwa sauti. Kwamba nitaona haya.

Nikasema, "Nimekubeba miezi tisa tumboni. Wiki mbili mdomoni nitashindwa?"

Akacheka huku analia, makamasi, kila kitu, huyo ndiye daktari wenu. Mzee akaingia akatukuta hivyo. Alitutazama, akatazama kioo chenye mkia, akaelewa. Nilimngoja aseme. Miaka kumi na moja ya kusimangwa, haki yake ilikuwa imefika!

Akaniwekea mkono begani. Akasema, "Mficha maradhi kilio kitamuumbua." Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, "Karibu chamani."

Nimetumia mswaki laini. Nyeupe imekuwa waridi. Binti alikuwa amesimama pembeni anatazama mkono wangu, ananiambia taratibu, mama, taratibu, husugui sufuria.


Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbi wa kliniki. Ni saa tano na nusu na kitu. Wamenitoa nje. Wanazungumza nyuma ya pazia.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitapasuka.

Tuliingia saa tatu. Kiti kinalala kama kitanda, taa usoni. Mwalimu wake ni bwana mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni, moja imekaa juu ya kipaji. Simwamini. Mtu wa macho manne anatafuta nini? Wanafunzi wengine sita wamesimama na madaftari. Akamuuliza binti yangu, huyu ni nani wako?

Angeweza kusema jirani. Akasema, "Mama yangu."

Wale sita wakatazamana. Mmoja akasema kitu kwa mwenzake, nikasikia "thelathini na mawili". Masikio yaliniwaka. Mwalimu akasema hakuna sheria inayokataza mama, ila yeye atatazama mara mbili zaidi. Nikasema moyoni, tazama.

Kumbe wanapima! Binti ana kijiti cha chuma chembamba chenye mistari, anakiingiza kati ya jino na fizi, anasoma kimezama kiasi gani, anataja. Mwenzake anaandika. Hilo nilielewa bila kuelezwa. Miaka ishirini na nne napima watu, leo nimepimwa. Mbili, tatu, mbili. Tatu, tatu, mbili. Mkono wake mwepesi kweli, sikudanganya watu. Mbili na tatu ni uzima, alikuwa ameniambia nyumbani. Nne na tano ni ugonjwa. Nyuma kulikuwa na nne, nne, tano. Nikaona mwalimu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata nikajisikia vizuri — nina ugonjwa unaofaa!

Akafika mbele. Tano. Sita. Halafu akasimama.

Najua kimya hicho. Ni kimya cha fundi anapogundua kitambaa hakitoshi na mteja bado anatabasamu.

Akapima tena. Akasema, taratibu, "Saba."

Mwalimu akashusha miwani ya kipaji. Akapima mwenyewe. Akasema saba.

Nikauliza saba ni nini. Mwalimu akanieleza kwa adabu, sikatai. Kwamba ikizidi sita mfupa umeshaliwa, na mtu huyo anakwenda kwa bingwa, si wa mwanafunzi. Mfupa ukiliwa haurudi. Kwamba ningekuja mwaka jana, au ningekuwa nakuja kila miezi sita kama watu, ingekuwa kazi ya kukwangua ukoga tu. Aliniuliza kama sikuwahi kupimwa kabla. Nikasema sijawahi. Sentensi ile ile. Safari hii haikuwa na utamu.

Mwanangu hakunitazama. Alikuwa anapanga vyombo kwenye sinia, vilikuwa vimeshapangwa.

Basi nikasema, mwalimu, hilo la saba si moja tu? Mengine yanafaa. Lifungeni hilo macho, mtihani ufanyike na yaliyobaki. Wanafunzi wakacheka, mwalimu hakucheka. Akasema nikangoje nje.

Sasa wanafanya nini humo? Nasikia vipande. "...jino moja..." Hiyo ni sauti ya binti. "...linatosha..." Hiyo ni ya macho manne. Linatosha kumpitisha au linatosha kumwangusha? Halafu karatasi zinafunuliwa. Kuna mtu ametaja neno kung'oa. La nani? Langu? Sauti imeshuka makusudi, wanajua niko hapa.

Saa ya ukutani inasema dakika ishirini kufika saa sita. Ile karatasi ya majina naiona kutoka hapa. Wa saba, pengo.

Kuna mwanamke amekaa pembeni yangu, wa rika langu, na mkoba mapajani. Amekuwa ananitazama. Nami nimekuwa namtazama kwa pembe ya jicho, maana sipendi kutazamwa. Akaniuliza, dada, wewe unaumwa nini?

Nilikuwa na jibu langu la siku zote. Lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Fizi. Zinatoka damu, na jino la mbele linacheza." Nimesema kwa sauti, mlinzi wa mlangoni amegeuka. "Na yule anayezungumza humo ndani ni binti yangu, yeye ndiye aliyenipima."

Akafungua mkoba, akaufunga. Akasogea karibu hadi nikasikia harufu ya karafuu.

Akasema kwa kunong'ona kwamba yeye amemsindikiza mumewe tu. Lakini zake pia. Kidogo. Si nyingi. Akasema pale panapotoka damu yeye ameacha kupiga mswaki, papumzike.

Nimemwambia, dada yangu, fungua kidogo hapa nione. Amefunika mdomo. Nimemwambia haiumi. Nimemwambia Mkono Mwepesi. Nimemuuliza kuna linalocheza, akasema hapana, hakuna linalocheza, ni damu tu.

Damu tu! Hakuna linalocheza! Huyu ni mgonjwa wa mwanafunzi kabisa!

Dakika kumi na mbili. Mumewe ametoka, ameshika shavu, anamwita waende. Ameinuka nusu. Macho yake yako mlangoni, na macho hayo nayajua. Ndiyo yangu. Huyu atakimbia. Nina hakika atakimbia, tena kabla ya saa sita.

Naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana herufi zinapanda mlima. Mwingine umeshika mkanda wa mkoba wake. Ananiambia niache. Nimemwambia subiri kidogo tu, mwanangu anatoka sasa hivi.

Pazia limesogea. Ni viatu vya mwalimu. Vya binti sivioni bado —